Anwani ya Mtumaji

"Leo jua halizami kabla sijajua mtoto wangu yuko wapi," alisema fundi wa kompyuta, akaivuta kompyuta yake mapajani.

Mkewe aliacha kukunja nguo. "Mwache, mume wangu. Akijua unamnyemelea atanyamaza moja kwa moja."

"Nimnyemelee? Mimi si babake?"

Ubishi huohuo ndio uliomfukuza binti nyumbani, na mzee mzima alilijua hilo, likamla roho. Mtoto akikunyea mkononi, huukati mkono. Yeye siku ile aliukata, kwa maneno. Baadaye, majuto mjukuu, akafungua tovuti yenye picha ya binti na mahali pa kuandika ujumbe. Miezi ikapita, kimya. Mpaka alipoanza kukataa chakula ndipo ujumbe wa kwanza ulipoingia: *Baba, mimi mzima. Kula basi.*

"Unaona?" alimwambia mkewe, machozi yakimtoka. "Damu nzito kuliko maji. Ameniota!" Akala sahani mbili.

Tangu hapo binti aliandika mara kwa mara, ila hakusema aliko. Tovuti nayo haikusema. Kila ujumbe ulipitia kwanza seva ya mbele, na hiyo, kama karani wa mapokezi mwenye kiburi, ilipeleka kila kitu ndani kwa jina lake yenyewe. Sasa fundi alikuwa akiipanga upya ipitishe ujumbe pamoja na anwani halisi ya mtandao wa aliyeutuma, kana kwamba katikati hapana mtu.

"Itachukua muda?" mkewe aliuliza.

"Mpaka jioni, wallahi. Kazi hii ina mambo."

"Haya. Mimi kichwa kinanigonga, ngoja nikajinyooshe." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kazi ikamnyookea kuliko alivyotarajia. Akaizima seva, akaiwasha upya. Hata pumzi hajashusha, ujumbe ukaingia.

*Baba, nilishakusamehe. Usinitafute tena, nakuomba.*

Fundi alilia, mkono mdomoni asije akamwamsha mkewe. Amesamehewa! Hata asipomwona tena, amesamehewa.

Kisha akafuta macho, akasoma anwani ya mtumaji. Ilikuwa ya nyumba hii hii, waliyobaki wawili tu, yeye na mkewe.