Vuta Pumzi

Kiwanda cha sukari kilimpa Bi Zamaradi chumba, viti viwili na jagi la maji, akaambiwa kazi yake ni kuwatoa wafanyakazi wasiwasi. Asubuhi ile aliingia Chande, mchochea moto wa boila, kofia ameiminya mikononi kama mtu aliyetoka mazikoni.

"Karibu, kaka. Bado hulali?"

"Nitalalaje, dada? Boila limebadilika sauti."

"Meneja anasema limekaguliwa."

"Kukagua wamelikagua. Kulisikiliza ndiyo hawajalisikiliza."

Wenzake wote waliomtangulia walisema hayohayo, na wote Bi Zamaradi aliwapa dawa ileile. Akamjazia glasi ya maji, akaiweka mezani. "Funga macho. Vuta pumzi mpaka tumboni. Izuie kidogo. Haya, iachie."

Chande alitii. Alipofumbua macho alikuwa ametulia, utulivu wa mtu aliyekwishakata tamaa.

"Kumbe nalo ndivyo linavyofanya," alisema. "Linavuta, linazuia. Ila tangu juzi haliachii mvuke."

Bi Zamaradi akatabasamu lile tabasamu lake la kazini, akafungua mdomo ampe neno la faraja. Hapohapo ule mngurumo uliozoea kutikisa kuta kutwa kucha ukakatika. Kiwanda kizima kikanyamaza kimya. Hakuna aliyeigusa meza, lakini ndani ya glasi maji yalikuwa yakitetemeka.

Chande aliyatazama, akavaa kofia yake taratibu. Kisha akamshika Bi Zamaradi mkono, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

"Vuta pumzi, dada."