Paja la Greg

“Mama, usimpe huyo paja la kuku, ndiye aliyemuua kaka—”

“Nyamaza, Tima! Kwangu mimi mgeni hali shingo!”

Siku ile ya kwanza mama akanipuuza, akampakulia Greg paja. Sheria ndiyo hiyo: rubani wa droni akiua mtu asiye na kosa, anamtumikia mama wa marehemu mwaka mzima. Serikali ya kina Greg ilituma watu waje kutulipa pia, mama akawafukuza. Kwetu mtu hauzwi.

Greg sasa anakuna nazi kunishinda. Mwaka wake unaisha kesho, na leo anakula kainama, bila kututazama.

Mama akamsogezea mchuzi. “Greg, ulimtazama Shee wangu kutoka juu wiki nzima kabla hujabonyeza. Ile video bado unayo? Niwekee, baba. Nataka kumwona anavyotembea.”