Kibao Upande wa Pili

Kibao cha fundi cherehani kiliandikwa "Umaridadi Halisi", na mwenyewe alikipenda kama mwana. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi mlangoni, hana kazi, aliposikia mama mmoja akimuuliza muuza vitabu wa jirani, "Samahani, wapi hapa wanabadilisha zipu?"

Jirani akamwelekeza mtaa wa pili.

Fundi akaduwaa. Miaka sita ya ujirani, na jirani hajui!

Binti yake, anayetengeneza tovuti, alishamwambia mara nyingi: "Mama, hata mtandaoni mteja hatafuti kwa maneno yako. Anatafuta kwa maneno yake."

Akakiteremsha kibao, akakigeuza, akachovya brashi kwenye rangi iliyobaki ya mlango. Herufi zilipanda na kushuka: TUNABADILISHA ZIPU. TUNAPUNGUZA SURUALI.

Alikuwa ndiyo kwanza amekitundika, rangi ikimchuruzika hadi kiwikoni, alipofika kijana wa suti, mkoba ameubana mbele ya suruali kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Nina usaili saa tano."

Fundi akautazama mkoba, akacheka hadi machozi.

"Marahaba, mwanangu. Ingia nyuma ya pazia, unirushie hiyo suruali."