Onyo la Mkungu

Mjini Korogwe, mti wa kivuli ukianza kutafunwa na viwavi hutoa onyo kupitia mtambo uliofungwa shinani, na sheria inataka onyo hilo lisemwe kwa sauti ya marehemu wa nyumba husika. King'ora watu walikipuuza; sauti ya marehemu, ilidhaniwa, hakuna atakayeipuuza.

Mti wa mkungu uani kwa Shemdoe ulisema kwa sauti ya bintiye, Zaina: "Mama, viwavi wananila."

Jioni Shemdoe alitoka na bomba la dawa mgongoni. Mkewe alikuwa shinani, upindo wa kanga umejaa viwavi. Shemdoe alidhani anawaondoa mtini. Kumbe alikuwa anawapandisha.

"Mama Zaina, unafanya nini?"

"Ulipopiga dawa juzi, alinyamaza."

"Majani yakiisha atanyamaza moja kwa moja."

"Najua, Baba Zaina. Bado matawi mawili."

Shemdoe hakuamini mizimu, wala hakuiamini mitambo. Alinuia kumwambia kwamba ile ni sauti tu.

"Mama," mti uliita, "viwavi wananila."

"Nipo, mwanangu," mkewe akajibu, akainua kiwavi mwingine.

Shemdoe alilitua bomba chini, akamshikia upindo wa kanga.