Maji Yasiyokuwepo

"Dada, maji yanaingia chini ya mlango. Nawe unayaona?"

Sauti ilitoka chini. Dada, fundi cherehani, alikuwa ghorofani, nje jua kali, cherehani ikinguruma. Tangu mdogo wake augue akili, walikubaliana: akiona jambo la ajabu, amuulize dada. Dada akisema halipo, basi halipo.

"Hayapo, mdogo wangu. Kaa utulie," alijibu, wala hakuinua kichwa.

Alishona kola mbili, kisha akashuka kuchukua uzi. Kwenye ngazi ya nne kutoka chini mguu ulizama majini. Mto wa karibu, uliojazwa na mvua za milimani, ulikuwa umevunja kingo.

Mdogo wake alikuwa amekaa kitini, macho kayafumba, maji yamemfika kifuani, kandambili zake zikielea.

"Yapo!" dada alipiga kelele. "Nimekosea! Nipe mkono!"

Mdogo wake alifumbua macho, akamkodolea.

"Na wewe, dada, upo?"