Ufunguo wa Kanisa Lililobomolewa

Bwana wa Kiprotestanti kutoka Prague alishuka kwenye farasi, akanyoosha mkono, akamwomba Ludmila ufunguo wa kanisa.

Kanisa lenyewe halikuwepo tena. Watu wa askofu walilibomoa kabla ya Krismasi, kwa kuwa lilikuwa la Waprotestanti, na pale waliposimama theluji ilikuwa imefunika mawe ambayo marehemu mume wa Ludmila aliyabeba mgongoni likijengwa. Tangu hapo mjane huyo alisali peke yake jikoni.

"Nitautupa mezani mbele ya watu wa mfalme, mama. Waone walichotufanyia."

"Wakiuona watatujengea?"

"Watujengee wapi! Safari hii tunapigana."

"Mtapigana nyinyi mabwana, au watoto wa watu?"

Bwana akacheka. Mkono wake ulikuwa bado wazi.

Ludmila alipapasa kichwa cha ufunguo. Kilikuwa kimelainika pale dole gumba la mumewe lilipokuwa likikaa kila Jumapili akifungua kanisa.

Akapiga magoti pale mlango wa kanisa ulipokuwa, akausukumiza ufunguo chini kabisa katikati ya mawe.

"Waambie mjane hakuwa na kitu."

Alipogeuka, bwana alishapanda farasi.