Sweta la Rangi ya Ndizi

Daktari alisogeza fomu mezani, akaweka kalamu juu yake. Maabara ilikuwa na viinitete viwili vya Sikudhani, mimba changa zilizotungwa humo: kimoja kizima, kingine kina selimundu, ugonjwa uleule wa damu wa binti yake Hidaya. Achague kipi kipandikizwe tumboni mwake.

"Maumivu yake unayajua, mama," daktari alisema kwa upole.

Aliyajua. Baridi kidogo tu ilimlaza Hidaya wiki nzima, viungo vikimuuma. Ndiyo maana hata sasa mikono ya Sikudhani ilikuwa ikifuma sweta dogo, rangi ya ndizi mbivu.

Hidaya, mwenye miaka tisa, aliketi kando yake, akimshikia donge la uzi. "Mama, mtoto akiwa mzima, sweta la nini? Si atatembea kifua wazi kama baba?"

Sikudhani alicheka, kisha akaacha kufuma. Wiki tatu alikuwa anafuma, wala hakujiuliza anamfumia nani.

Akaweka sweta mapajani, akatia alama kwa yule mzima. Lakini chini ya fomu kulikuwa na swali jingine: kinachobaki kitupwe, au kihifadhiwe? Kalamu ikasimama hapo.

"Kikihifadhiwa kinakaa wapi?" Hidaya alimuuliza daktari.

"Kwenye baridi kali, binti. Kali kuliko barafu."

Hidaya akaliangalia sweta lisilo na mikono bado, kisha taratibu akaanza kumlegezea mama yake uzi ili aendelee kufuma.